Ufunguo Ulikaa Nyumba ya Tatu

Haya ni maneno niliyowaambia wakazi wa mtaa wetu hapa Tabora, Jumapili asubuhi, chini ya mwembe ulio mbele ya jengo la zamani la Welfea. Waliokosa kikao waliomba yaandikwe. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimeongeza tu miaka michache ambayo siku ile sikuitaja.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na kwa Kinyamwezi chetu, mwangaluka.

Mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, kina mama mliokuja na vigoda vyenu, na nyinyi wanangu wa bodaboda mliosimama kule kwenye kivuli cha pili, nashukuru mmekuja. Mwenyekiti ameniomba nieleze jengo hili lilianza vipi, maana wengi wenu mmelikuta likiwa godauni, na wadogo kabisa mmelikuta gofu ambalo watoto wanakatazwa kulisogelea kwa sababu ya nyoka. Mimi nimelikuta likiwa na taa.

Ukienda ofisini kuuliza habari za jengo, utaambiwa lilikuwa la nani. Wakati huu la serikali, wakati ule la halmashauri, wakati mwingine la chama. Ni kweli, na nitayagusa hayo. Lakini mimi nimezaliwa hatua chache kutoka hapa, na nikikaa nikikumbuka sioni mahali ambapo jengo hili lilipona au lilidhurika kwa sababu ya mwenye hati. Lilikuwa zima wakati ufunguo wake unakaa nyumba ya tatu, ile pale yenye mpapai. Ufunguo ulipohama, likaanza kufa. Kwa hiyo leo nitawasimulia habari za ufunguo, na jengo mtaliona humo humo.

Tuanze na jina. Wazee wanaliita Welfea mpaka leo, na nimewasikia watoto wakisema Welfea alikuwa Mhindi aliyelijenga. Hapana, wajukuu zangu. Ni neno la Kiingereza, maana yake ustawi, na lililetwa na vita. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, vijana wa Tanganyika waliokuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walianza kurudi kutoka Burma, Madagascar na Uhabeshi. Walikuwa wameondoka wachunga ng'ombe na wakulima. Walirudi wengine wanajua kuendesha lori, wengine wanasoma gazeti, na wote wamemwona Mzungu akiogopa risasi kama mtu mwingine yeyote. Mtu aliyeona hilo hatawaliki kirahisi. Serikali ya kikoloni ililijua jambo hilo, ikahofia vijana hao wakizagaa mijini bila kazi wataanza maneno. Ilikuwepo sheria ya Uingereza ya maendeleo na ustawi wa makoloni, ya mwaka 1940, iliyoongezewa fedha 1945. Ndipo kwenye miji ya Tanganyika zikaanza kujengwa nyumba za watu kukutania: chumba cha magazeti, redio, darasa la jioni, mahali pa kina mama kujifunza kushona. Iliyo maarufu kuliko zote iko Dar es Salaam, Mnazi Mmoja, iliyojengwa kwa fedha za George Arnautoglu, Mgiriki tajiri wa mkonge, na watu wanaiita Anatoglo mpaka leo. Ya kwetu haikupata tajiri. Ilipata matofali ya kuchoma, na udongo wake ulichimbwa palepale nyuma ya msikiti. Lile dimbwi linalowasumbua kila masika ndilo shimo la matofali ya Welfea.

Nasema wazi kwamba nia ya waliolijenga ilikuwa kutuliza watu. Lakini ukiwapa watu chumba chenye gazeti na benchi, hujui watakachozungumza humo. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Mtaa huu umekua pamoja na reli tangu ilipofika Tabora mwaka 1912, na wafanyakazi wa reli ndio waliolijaza jengo hili jioni. Baba alinieleza kuwa gazeti la Mambo Leo lilikuwa likisomwa kwa sauti, mmoja anasoma na thelathini wanasikiliza, na msomaji akifika kwenye habari ya maana anaombwa airudie. Gazeti lilikuwa la serikali, hilo watu walilijua. Walichokuwa wanakipima ni kile ambacho gazeti halikusema.

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora. Nilikuwa na miaka sita. Ninachokumbuka ni wageni wengi mjini na mama akipika sufuria kubwa kuliko kawaida. Baadaye sana ndipo nilipoelewa walichokuwa wakibishania. Wakoloni waliweka uchaguzi ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na hata huko kupiga kura kwenyewe kukafungwa kwa kipimo cha kipato na elimu. Wengine walitaka kuususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi wauingie. Mkutano ule umeandikwa vitabuni, na unastahili. Kubishana kwa watu wa kawaida siku zile na zilizofuata, kwenye baraza hii hapa, hakukuandikwa popote. Baba alikuwa upande wa kususia na jirani yake upande wa kuingia, na kwa miezi hawakuazimana hata nyundo.

Sasa nifike kwa mwenye ufunguo.

Sitamtaja jina, familia yake iko hapa na wao wanajua namsema nani. Sisi watoto tulimwita Babu wa Ufunguo. Alikuwa mmoja wa wale waliorudi kutoka Burma. Aliajiriwa hapa kama mlinzi na mfagiaji, cheo cha chini kuliko vyote, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka hapa, ufunguo ulikaa kwake. Ulikuwa ufunguo mrefu wa chuma. Aliufunga kwa kamba kwenye kipande cha mninga kikubwa kama kiganja, ili mtu asiuweke mfukoni akasahau akaondoka nao. Ulining'inia kwenye msumari ndani ya mlango wake, mahali ambapo ukipiga hodi unauona.

Ukitaka jengo, unakwenda pale barazani. Unasalimia. Unakaa. Kwanza atakuuliza hali ya nyumbani, kwa sababu alikuwa anajua nyumbani kwenu ni wapi. Kisha unasema shida yako: tuna mazoezi ya kwaya, tuna kikao cha harusi, tuna msiba na mvua inanyesha hatuna pa kuweka wageni. Alikuwa na swali moja tu. "Mtafagia?" Ukijibu tutafagia, unapewa. Usipofagia, safari nyingine unapewa ufagio kwanza, na ufunguo baada ya hapo. Hapakuwa na barua ya maombi wala mhuri. Na sijawahi kusikia kwamba alimnyima mtu kwa dini yake au kabila lake. Manyema walipata, Wanyamwezi walipata, Waha wa reli walipata, Waarabu wa mtaa wa juu walikuja kuomba mara moja kwa ajili ya arusi, wakapewa, wakafagia.

Siku za dansa zilikuwa na mambo yake. Nyinyi vijana mnajua muziki wa Dar es Salaam, na ni vizuri. Lakini mjue mji wenu huu ulikuwa na Kiko Kids, ulikuwa na Tabora Jazz, ulikuwa na Nyanyembe Jazz, bendi ambazo watu wa mikoa mingine walizitafuta redioni. Vijana wa mtaa wetu waliziiga. Walikuwa na magitaa mawili na ngoma iliyotengenezwa hapa hapa, na humu ndani ndimo walimofanyia mazoezi mpaka jirani mmoja akalalamika, Babu akawapangia saa. Sisi watoto tulikaa kwenye mizizi ya mwembe huu huu, tukawatazama kina dada wakiingia na viatu mkononi kwa ajili ya vumbi la njia, wakifika mlangoni wanavivaa. Sakafu ilikuwa saruji nyekundu, inang'arishwa kwa nta. Mkikwangua ile mbolea ya popo pale kwenye kona ya kulia mtaiona, bado nyekundu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, bango la zamani lilishushwa na watu wa Maendeleo wakaweka lao. Likaitwa Komyuniti. Ikaja kliniki ya watoto kila wiki, mzani unaning'inizwa kwenye boriti ya barazani. Baadhi yenu mliokaa hapa na mvi zenu mmepimwa pale mkilia. Ikaja chekechea. Kina mama wakapata cherehani. Sitaeleza yote. Kila nyumba hapa ina habari yake, na ningependa mwenyekiti atoe siku nyingine kwa ajili hiyo tu.

Lakini kuna jambo moja sitalipita haraka, kwa sababu nilikuwa ndani yake. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi, binti wa miaka kumi na tisa hivi, nikapangiwa darasa la ngumbaru humu ndani. Saa kumi alasiri wanafunzi wangu wadogo wanarudi nyumbani, saa kumi na moja naingia hapa nakutana na mama zao. Na mama yangu mwenyewe alikuwa mstari wa mbele.

Wengine walikuja wameficha daftari chini ya khanga. Mzee mmoja wa makamo, fundi mzuri wa kuchonga, alikuwa akipita nje kama mtu mwenye safari zake, akizunguka jengo mara mbili, kisha anaingia akiwa wa mwisho na kukaa nyuma ya nguzo. Nilimwacha. Mtu anayechonga kitanda cha mninga bila kukosea hata uzi mmoja, vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kwenye penseli. Tulisoma vitabu vya kisomo vilivyofundisha herufi kwa habari za kilimo na afya. Jua likizama tunawasha karabai, na mafuta yake tulichanga. Kila aliyetoa mchango alichorewa mstari mmoja ukutani kwa msumari. Wiki iliyopita, vijana walipoondoa magunia ya zamani pembeni ya jukwaa, waliniita wakiniuliza ile mikwaruzo ni ya nini. Nilishindwa kuwajibu papo hapo, koo lilikauka. Ni safu saba, wanangu. Msizipake chokaa.

Mama yangu alikuwa na sababu moja ya kusoma. Kaka yangu alikuwa kazini Morogoro na alituma barua. Nilipokuwa mdogo, kabla sijajua kusoma vizuri, na baadaye nilipokuwa chuoni, barua hizo alisomewa na mtu wa jirani. Mtaa mzima ulijua kaka anadaiwa, kaka anaumwa, kaka ametuma shilingi ngapi. Mama alikuwa anaona aibu lakini angefanya nini. Alipofika mwaka wa pili wa ngumbaru ikaja barua. Nilinyoosha mkono nimsomee, akakataa. Akaenda nayo pale kwenye baraza, akakaa nayo tangu baada ya chakula cha mchana mpaka adhuhuri ikawa alasiri, kidole kinatembea neno kwa neno. Alipomaliza hakusema kitu. Usiku, tunaosha vyombo, akaniambia: "Kumbe kila barua inaanza na 'mama yangu mpendwa'. Yule aliyekuwa akinisomea alikuwa anaruka hapo."

Samahani. Nipeni maji kidogo.

Nchi nzima ilikuwa hivyo. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Mtihani wa kisomo wa 1975 ulifanywa na watu zaidi ya milioni 5, na wasiojua wakawa wameshuka hadi 39 kwa mia. Hesabu hizo husomwa kwenye vitabu kama kazi ya serikali, na serikali ilifanya kazi kweli, ilileta vitabu na ilileta walimu. Lakini hapa mtaani kazi hiyo ilitegemea pia kwamba saa kumi na moja jioni mlango unafunguliwa, kila siku, na mtu anayekaa nyumba ya tatu. Siku moja Babu alikuwa na homa kali, akamtuma mkewe. Sikumbuki jioni hata moja tuliyorudishwa majumbani kwa sababu mlango umefungwa.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Tulikaa humu kwenye vikundi tukiisikiliza Radio Tanzania, kipindi kikiisha tunajadili, mjadala ukiisha wanaume wanachukua majembe. Vyoo vingi vya mtaa huu vilichimbwa mwaka ule. Mjue mnapoona mtaa wetu ulipona kipindupindu mara kadhaa wakati wengine wanalia, msidhani ni bahati.

Huku juu, serikalini, mambo yalikuwa yanabadilika. Mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani na halmashauri zikavunjwa. Mwaka 1977 TANU na ASP, chama cha Zanzibar, wakaungana ikawa CCM. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Kila badiliko lilikuja na mtu mwenye faili aliyesimama hapa nje akiandika urefu na upana wa jengo. Bango likabadilishwa tena, na tena. Vilipokuja vyama vingi mwaka 1992 ndipo swali likawa kali: hili ni la chama, la halmashauri, au la wananchi waliochanga bati la pili? Nilihudhuria vikao vitatu vya swali hilo. Kila upande ulikuwa na maneno mazuri. Na katika vikao vyote vitatu, ilipofika saa ya kuanza, walitumwa watoto nyumba ya tatu kuomba ufunguo.

Babu alikuwa amekwisha kufariki, mwishoni mwa miaka ya sabini. Ufunguo ukabaki kwa mkewe, kwenye msumari uleule. Bibi huyu ndiye aliyetuvusha miaka ya shida. Mnaokumbuka mwanzo wa miaka ya themanini mnajua: sabuni hakuna, sukari hakuna, unga ni wa yanga, yale mahindi ya njano. Duka la ushirika la mtaa liliwekwa humu ndani. Foleni ilianza alfajiri, na mtu aliyekuwa na mtoto mgonjwa aliacha jiwe lake kwenye mstari akarudi nyumbani. Bibi alikuwa akipita na kuyatazama yale mawe, anayajua yote, jiwe hili la mama fulani, hili la mzee fulani. Hakuna jiwe lililosogezwa mbele yake. Nimekaa kwenye ofisi nyingi tangu hapo na sijaona daftari lililotunzwa vizuri kuliko macho ya bibi yule.

Sasa nieleze ufunguo ulivyohama, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nimekuja kwa ajili ya hili.

Usiku mmoja cherehani mbili za kina mama ziliibwa. Dirisha la nyuma lilivunjwa. Likaitwa baraza. Mkubwa mmoja wa ofisi iliyokuwa na dhamana ya majengo akasema, kwa adabu kabisa, kwamba mali ya umma haiwezi kulindwa na bibi mzee, na kwamba kuanzia siku hiyo funguo zote zitatunzwa ofisini na atakayetaka ukumbi aandike barua. Ilionekana ni sawa. Wezi hawakutumia ufunguo, walivunja dirisha, lakini hakuna aliyelisema hilo. Wakaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mwalimu ninayeheshimiwa, na nilinyoosha mkono. Bibi alikuwa amekaa pale karibu na mlango, akaenda nyumbani akauleta ufunguo pamoja na kipande chake cha mninga, akaukabidhi kwa mikono miwili.

Ofisi hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, hufungwa saa tisa na nusu. Jumamosi na Jumapili hakuna mtu. Nawauliza, watu wa mtaa wanahitaji ukumbi saa ngapi? Jioni. Jumamosi. Jumapili. Usiku wa msiba. Muda wote jengo lilipohitajika, ufunguo ulikuwa umelala kwenye droo. Kwaya ikahamia kanisani. Msiba ukahamia kwenye turubai. Kina mama wakasubiri barua yao ijibiwe, ikajibiwa mwezi wa pili, wakati huo kikundi kimeshatawanyika. Baadaye ofisi ikaona jengo halitumiki, na kweli lilikuwa halitumiki, ikalikodisha kwa mfanyabiashara akaweka mazao.

Na mwembe huu haujui habari za barua. Kila mwaka unapukutisha majani yake juu ya bati. Babu, na baada yake wajukuu zake kwa amri ya Bibi, walikuwa wakipanda juu ya paa kila Oktoba kabla ya mvua za kwanza, wanasafisha gata. Kazi ya asubuhi moja. Hakuna aliyewaandikia, ni kwa sababu wakikaa barazani kwao wanayaona yale majani. Mwenye ghala haonekani mpaka siku ya kupakia lori. Majani yakajaa kwenye gata, maji yakakosa njia, yakarudi nyuma chini ya bati, yakashuka kwenye ukuta. Chokaa ikabanduka. Mbao za pembeni, ambazo hazikuwa mninga, zikaoza na mchwa wakapanda. Siku moja ya mvua kubwa sehemu ya paa la nyuma ikaanguka juu ya magunia, mfanyabiashara akahamisha mzigo wake, na tangu hapo likawa gofu. Tuliona wote. Mimi nilikuwa nikipita hapa kila siku nikienda shule, nayaona majani, nasema moyoni ofisi itakuja. Nilikuwa na ngazi nyumbani.

Kwihara, kilomita chache kutoka hapa, liko tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, na Stanley alikaa naye kwa wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Limetunzwa, ni makumbusho, wageni hupelekwa huko. Nimewapeleka wanafunzi wangu mara nyingi na nitafurahi likitunzwa zaidi. Livingstone alikaa pale miezi michache akisubiri wapagazi. Mama zetu walikaa humu miaka ishirini na zaidi wakijifunza kuandika majina yao. Naomba nao watunziwe nyumba.

Jengo linaweza kupona. Fundi amegonga kuta zote na kusema ziko imara; makenchi ya mbele ni mninga na hayajaguswa na mchwa, matatu ya nyuma ndiyo ya kubadilisha. Mlango ule ni wa zamani, umenusurika kwa kuwa ulizibwa na magunia, maana mninga wa upana ule siku hizi ungeshakuwa kitanda cha mtu. Halmashauri imekubali kwa maandishi tulikarabati na kulitumia, na ninawashukuru waliofuatilia. Vijana mmesema mnataka chumba cha kompyuta, kina mama wanataka chekechea irudi, kuna aliyesema maktaba. Yote mazuri, mtapanga nyinyi. Sina haja ya kusema humu ndani pawe na nini.

Ninachoomba kiandikwe kwenye muhtasari wa leo, kabla ya rangi na kabla ya bati, ni mahali ufunguo utakapokaa. Najua mtaniambia habari ya wizi. Cherehani ziliibwa kweli, na leo kutakuwa na kompyuta ndani, tamaa itakuwa kubwa zaidi. Wekeni nondo kwenye madirisha. Wekeni daftari la kusaini, sikatai. Wekeni na nakala ya ufunguo ofisi ya mtaa, kwa sababu hati ni ya halmashauri na wana haki. Lakini ufunguo wa kila siku ukae kwenye nyumba ambayo mtu akitoka asubuhi kunawa uso analiona paa la jengo hili. Na akae nao mtu ambaye anaweza kuamshwa usiku.

Fundi wa vitasa alikuja juzi kupima mlango. Kitasa cha zamani kimeliwa na kutu, atafunga kipya. Ameniuliza mambo mawili: achonge funguo ngapi, na akimaliza ampelekee nani. Nimemwambia asubiri kikao hiki, nitampigia simu jioni.

Mwenyekiti, mimi naketi. Nyumba ya tatu siku hizi anaishi mjukuu wa yule bibi. Yupo hapa, ni yule dada amekaa karibu na ndoo ya maji. Sijazungumza naye. Nilitaka aulizwe na mtaa mzima.